Maji ya Alhamisi

Kila Alhamisi alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Minko aliwasha kompresa ya gereji yake. Hakuwa na tairi la kujaza upepo saa ile. Aliiwasha ingurume tu, asisikie maji yakimwagika langoni.

Maji yale mama yake, Donka, alimmwagia Lacho. Lacho alikuwa mdogo wake Minko kwa miaka tisa. Alikaa na mkewe upande wa pili wa kijiji, na kila Alhamisi alipita kwa mama kuaga kabla ya kushika njia ya Vienna, ughaibuni, na gari lake la viti saba, amepakia watu na vifurushi, asionekane tena hadi Jumapili jioni. Donka alimngoja na kindoo cha shaba kilichojaa maji, juu yake kikielea kishada cha zdravets, lile jani la harufu kali ambalo kila bibi wa kijiji kile hulipanda chini ya dirisha kwa ajili ya afya. Aliyamwaga ili safari ya mwanawe iteleze kama maji yanavyoteleza. Kisha alimpa chupa za lyutenitsa, rojo la pilipili nyekundu alilolipika mwenyewe uani, akambusu, akasimama barabarani hadi sauti ya gari ipotee.

Minko alikuwa na miaka hamsini na sita na hakuwahi kumwagiwa hata tone. Yeye ndiye aliyepasua kuni za mama. Yeye ndiye aliyemkata kucha za miguu tangu mgongo wake ukatae kuinama. Yeye ndiye aliyemtia dawa ya macho asubuhi na jioni, maana macho yalikuwa yameingia ukungu na kisu cha daktari Donka hakutaka hata kukisikia. Lakini jirani akija, habari zilikuwa za Lacho. Lacho kaniletea kahawa. Lacho anasema kule barabara zinang'aa kama sahani. Minko alikuwa kama ukuta wa jikoni, umeegemewa miaka yote na hakuna aliyewahi kuutazama.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho Lacho hakuwa nacho. Gari lile lilikuwa na miaka kumi na minane, limefungwa mtungi wa gesi nyuma, na hakuna mkono mwingine uliowahi kufungua boneti yake. Lacho angeweza kuwa na Vienna, na maji, na sifa zote. Bila Minko asingefika hata Sevlievo, mji wa karibu tu. Jambo hilo Minko hakulisema mbele ya mtu, lakini usiku akilala alilikumbuka na usingizi ukaja upesi.

Ndiyo sababu Jumatatu ile ya mwanzo wa Oktoba, alipoona gari linaingia uani kwa mara ya tatu katika wiki tatu, alijua usingizi wa usiku huo umeshapotea.

"Kaka, limerudia," Lacho alisema kabla hajashuka.

"Limerudia nini?"

"Yale yale. Nikitoka hapa langoni, hata shuleni sijafika, linaanza kutetemeka kama ng'ombe anayefukuza nzi. Nikienda polepole ndiyo balaa kabisa. Taa ya injini inakonyeza, ya breki inawaka, na ile ya gari linaloteleza. Dashibodi nzima inang'aa kama kanisa siku ya Pasaka."

"Halafu?"

"Halafu nikishafika barabara kuu injini ikapata moto, linatulia. Linakwenda Vienna na kurudi, wala halina neno. Inabaki taa ya injini peke yake, imenikodolea jicho njia nzima."

"Na ukirudi Jumapili?"

"Halina neno. Ni Alhamisi tu, kaka. Alhamisi linanichukia."

Juu ya ukuta wa uani kikatokea kichwa cha Pena, jirani yao, mjane wa miaka sabini ambaye karibu kila wiki alisafiri na Lacho kwenda kumwona binti yake. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa masizi ya pilipili alizokuwa akichoma.

"Minko wee! Alhamisi iliyopita nilikaa mbele hapo. Meno yangu ya bandia yaligongana mdomoni mpaka njia panda. Umefunga injini humo au umefunga cherehani?"

"Meno yako yamechoka na maneno, Pena."

"Maneno yangu hayawashi taa, fundi."

Lacho alicheka. Alikuwa na kicheko cha baba yao, cha kutupa kichwa nyuma, na hicho nacho Minko hakurithi. Kisha Lacho akaacha kucheka, akapangusa vumbi kwenye kioo cha pembeni, vumbi ambalo halikuwapo.

"Usichukie, kaka. Wiki hii nina abiria sita, Pena mmoja wao. Likitetemeka tena Alhamisi, nitalipeleka Sevlievo. Kuna kijana kafungua gereji nyuma ya soko. Ana kompyuta inaonyesha injini yote mpaka utumbo."

"Kijana gani?"

"Sijui jina. Watu wanamsifu."

"Basi lipeleke leo."

"Kaka…"

"Alhamisi haijafika," Minko alisema. "Lete funguo."

Alilifunga lile gari ndani ya gereji kama mtu anayemfungia mgonjwa asitembelewe. Wiki ya kwanza alikuwa ameweka plagi mpya na kubadilisha raba zinazoshikilia injini, akidhani mzigo wa watu ndio unaoitikisa. Wiki ya pili alinunua koili mpya zote nne, zile zinazokaa juu ya plagi na kutoa cheche. Na kwa kuwa hakujiamini, alifanya ujanja wa zamani: koili kuukuu ya silinda namba tatu, iliyokuwa ikilalamikiwa, aliihamishia namba moja kabla ya kulirudisha gari, koili mpya ya pale akaiweka akiba. Kama koili ndiyo mbovu, ugonjwa ungehama nayo.

Sasa alichomeka mashine yake ndogo ya kusomea makosa chini ya usukani. Ikaandika: silinda namba tatu haichomi. Ugonjwa haukuhama.

Taa za breki na za kuteleza hakuzijali. Alijua kwamba injini ikikosa kuchoma, vifaa vile vingine huacha kuiamini, navyo huwasha taa zao. Mgonjwa alikuwa mmoja, wengine walipiga kelele tu. Lakini mgonjwa mwenyewe alikataa kuumwa. Jumatatu alizunguka nalo kijiji kizima kwa mwendo wa baiskeli, likatulia kama paka jikoni. Jumanne akapakia mifuko sita ya saruji na kupanda nayo mlima hadi kwenye kanisa. Kimya. Akapima msukumo wa silinda, akasikiliza bomba la gesi kwa bisibisi sikioni. Hakuna. Kichwani mwake alimwona kijana wa nyuma ya soko, ambaye hakuwahi kumwona, akifungua boneti hii kwa vidole visafi na kusema, "Nani alikuwa anawatengenezea?"

Jumatano mchana mama aliingia na sahani ya banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, akipapasa ukuta kwa mkono mwingine.

"Limepona gari la mwanangu?"

"La nani?"

"La Lacho. La nani tena?"

"Bado."

"Mtengenezee vizuri mwenzio. Anabeba roho za watu yule."

"Na mimi nabeba nini, mama?"

Donka hakusikia, au alisikia akaona si swali la kujibiwa. "Kula kabla haijapoa. Ila kile kipande cha pembeni, kilichokauka vizuri, usikiguse. Nimemwekea Lacho."

Mama alipotoka, Minko alikila kile cha pembeni kwanza. Akakila amesimama, haraka haraka, kama mwizi, na hakusikia ladha yake. Kisha akajifuta mikono, akachomoa koili ya namba tatu, akashusha spana ndefu na kuitoa plagi yenyewe. Ilikuwa ya wiki mbili tu, lakini ilikuwa na mstari mweupe uliopanda ubavuni, njia ya cheche iliyotorokea pembeni badala ya kwenda kazini. Akamulika shimo lake kwa tochi. Chini kabisa palikuwa na duara la kutu, bichi, la rangi ya chungwa.

Kutu ni maji. Na mvua haikunyesha tangu katikati ya Agosti. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa yamesimama.

Akang'oa kava la plastiki chini ya kioo cha mbele, pale wepa zinapolala. Mfereji wa kutolea maji ulikuwa umezibwa na majani ya mjozi yaliyooza, maana Lacho huegesha chini ya mti wake wa mjozi. Mpira unaoziba ukingo ulikuwa umepasuka. Maji yakijaa pale yasingekuwa na pa kupita isipokuwa juu ya injini, tone kwa tone, moja kwa moja kwenye namba tatu. Yakikauka kwa moto, gari linapona. Sawa. Lakini maji gani?

Katikati ya majani ya mjozi aliona jani jingine, dogo, lenye vidole kama mkono wa mtoto. Bado lilikuwa kijani. Akalifikicha na kulinusa.

Alikaa juu ya ndoo ya mafuta, vidole vikinuka zdravets.

Wiki tatu. Wiki tatu ametafuta ugonjwa ambao angeuona kwa macho yake kama angesimama dirishani Alhamisi moja tu. Lakini kila Alhamisi alikuwa amewasha kompresa na kugeukia ukuta.

Alimfuata mama uani, akamkuta akichoma pilipili.

"Mama, yale maji ya Lacho unayamwaga wapi? Chini?"

"Chini kwa nini? Ardhi ndiyo inayokwenda Vienna?" Donka aligeuza pilipili kwa vidole bila kuogopa moto. "Zamani nilimwaga chini. Tangu lile lori limgonge mwaka jana naliosha gari lenyewe. Naanzia kwenye kioo, yanashuka mpaka puani. Nilikwambia, hukuwa unanisikiliza."

Minko alirudi gerejini na kufanya kazi yake, na aliifanya vizuri, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vibaya. Alizibua mfereji wote kwa waya. Alibandika mpira mpya. Akaweka plagi nyingine, akapaka grisi kwenye kofia ya koili. Halafu alijaza ndoo kubwa, si kindoo, akaimwaga yote kwenye kioo cha mbele. Maji yakapita kando na kutokea nyuma ya tairi. Aliwasha. Injini ikanguruma polepole bila hata kukohoa. Akamwaga ndoo ya pili, ya tatu. Halina neno. Donka angeweza kulimwagia mto mzima.

Hayo yote aliyajua alipomfuata mama mara ya pili.

"Nimeupata ugonjwa," alisema. "Ni maji yako."

"Maji yangu?"

"Yanaingia kwenye injini. Ndiyo yanayoitetemesha. Yanaua gari la Lacho, mama. Likimzimikia kwenye mteremko na watu ndani, je?"

Donka alisimama na pilipili mkononi, ganda la pilipili likibanduka lenyewe. Macho yake yenye ukungu yalitafuta uso wa Minko, yakatua kidogo pembeni.

"Mwaka mzima nilikuwa nampelekea mabaya?"

"Usimwage tena. Basi."

Hakulia. Alikwenda jikoni, na Minko akasikia kindoo cha shaba kikitundikwa kwenye msumari wa juu, ule wa vitu visivyotumika. Alingoja furaha ije. Alikula chakula cha jioni akiingoja.

Alhamisi alfajiri hakuwasha kompresa. Alisimama mlangoni mwa gereji, mikono kifuani. Lacho alikuwa amechukua gari jioni iliyotangulia, na sasa alisimama langoni injini ikiwaka, watu sita ndani wamebanana na vifurushi, Pena mbele na mkoba mapajani. Donka alimpa chupa zake za lyutenitsa. Akambusu. Kisha akabaki na mikono mitupu, hajui aiweke wapi, akaifunga kwenye aproni.

Lacho alingoja. Kila mtu alingoja.

"Mama, maji?"

"Gari lako haliyataki, mwanangu. Nenda tu."

"Haliyataki vipi?"

"Nimekuwa nikikuharibia. Minko ameona."

Pena alishusha kioo. "Hakuna maji? Basi mimi nashuka! Miaka minne sijapita ile mipaka bila maji ya Donka, sitaanza leo na meno mapya."

"Kaa chini, Pena," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

"Kaa wewe! Wewe una roho ngapi?"

Lacho alizima injini. Alishuka, akaja hadi mlangoni pa gereji. Hakutupa kichwa nyuma. Minko alikuwa amesahau kwamba ndugu yake naye alikuwa na mvi.

"Kaka, ni kweli? Ni maji?"

Nyuma yake Minko alimwona mama. Alikuwa ameshika nguzo ya lango, mdogo, akigeuza sikio kuelekea kwao, akisikiliza kama mgonjwa anavyowasikiliza madaktari wakizungumza nje ya pazia.

"Yalikuwa maji," Minko alisema. "Mfereji ulizibwa na majani ya mjozi wako, na mpira ulikatika. Hata mvua ingefanya hivyo hivyo. Ni kazi yangu kuuona, na sikuuona."

"Na sasa?"

"Sasa limepona. Tangu jana mchana."

"Tangu jana mchana," Lacho alirudia. Alimtazama, akamtazama mama, akamtazama tena. Alielewa; Minko aliona anaelewa. Angeweza kusema neno lolote na lingekuwa haki yake. "Basi fanya haraka, kaka," alisema. "Pena atashuka kweli."

Minko aliingia jikoni na kukitungua kindoo. Alijaza maji bombani, akakata kishada cha zdravets chini ya dirisha, akakitia humo, akaja akamwekea mama kindoo mikononi.

"Mwaga, mama. Nimelitengeneza. Mwaga yote."

"Hayatamdhuru?"

"Nilidanganya."

Donka alikishika kindoo kwa mkono mmoja. Alinyoosha mkono, akapapasa hadi akagusa kioo cha mbele, akamwaga. Maji yalishuka boneti nzima hadi puani. Pena akajifanyia ishara ya msalaba na kupandisha kioo. Gari likaondoka, likapita shuleni kwa mwendo wa mtu anayetembea, likapanda kilima, na hakuna aliyelisikia likitetemeka. Kule juu Lacho akapiga honi mara mbili. Maana yake taa hazijawaka.

Walibaki wawili barabarani.

"Mimi hujawahi kunimwagia," Minko alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto na ikamwaibisha. "Hata siku ile naenda Ruse, kwenye kiwanda cha meli. Ulisema hukioni kindoo."

"Nilikiona," Donka alisema. "Nilikuwa nacho nyuma ya mlango. Nilikikalia."

"Ulikikalia?"

"Baba yako alishaanza kutema damu. Lacho alikuwa na miaka kumi na minne. Nikasema nikimmwagia Minko, atateleza aende zake. Mikono kama yake wataipenda huko." Alikitikisa kindoo, matone ya mwisho yakaanguka vumbini. "Ukarudi baada ya wiki tatu kumwuguza. Kila aliyeondoka hapa nilimmwagia, Minko. Wewe sikuweza."

Minko alikumbuka Ruse, mto mpana, kitanda cha chuma karibu na dirisha, msimamizi aliyemwambia nafasi yake itangoja mwezi mmoja. Hakujua amkasirikie au ambusu. Alichukua kindoo mkononi mwake, akamshika kiwiko, wakarudi ndani, kwa sababu saa ya dawa ya macho ilikuwa imefika.

Donka alifariki Februari, wiki ya pili, akiwa usingizini.

Alhamisi ya kwanza baada ya arobaini yake, Lacho alisimama langoni kwa mazoea, akaona aibu, akataka kuondoa gari. Mlango wa jikoni ukafunguka. Minko alitoka na kindoo na mfuko wa nailoni. Chupa za mama zilikuwa zimebaki saba. Alimpa ndugu yake tatu.

"Tatu tu?" Lacho alisema.

"Tatu. Usinizoee."

Kisha akamwaga kuanzia kwenye kioo, polepole, kindoo kizima, akainama kutazama nyuma ya tairi, maji yanapotokea.